Umeme: VETA au digrii ya uhandisi?

Kijana anayependa umeme anaweza kuambiwa mambo mawili yanayokinzana ndani ya wiki moja. Mjomba anamwambia, "Nenda VETA, miaka miwili tu unashika hela yako." Mwalimu wake wa fizikia anamwambia asome PCM (fizikia, kemia na hisabati), aende chuo kikuu, atoke mhandisi. Wote wawili wanamtakia mema, na kila mmoja anazungumzia njia aliyoiona ikimfikisha mtu fulani mahali. Tatizo ni kwamba njia hizo mbili huwa hazipimwi kwa kipimo kimoja: moja inasifiwa kwa haraka yake, nyingine kwa heshima yake.

Tunazungumzia Tanzania, na tunabaki kwenye umeme, kwa sababu ni fani ambayo njia zote mbili zinaishia kwenye waya uleule. Upande mmoja kuna ufungaji umeme majumbani unaofundishwa katika vyuo vya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, unaotoa cheti cha taifa cha ufundi stadi kiitwacho NVA, Ngazi ya Kwanza hadi ya Tatu. Upande mwingine kuna shahada ya miaka minne ya uhandisi wa umeme, inayotolewa kwa mfano Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) na MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya). Katikati ipo stashahada, ambayo tutaigusa mwishoni kwa sababu wengi huisahau.

Tunapima nini

Swali la kwanza ni mlango: unahitaji ufaulu gani ili uingie. La pili ni muda, na hapa tusihesabu miaka ya darasani peke yake, tuhesabu mpaka siku ya kulipwa kwa kazi ya fani yako. La tatu ni gharama, pamoja na zile ambazo hazimo kwenye fomu ya kujiunga. La nne ni kile utakachokuwa unakifanya kwa mikono na kwa akili siku ya Jumatatu asubuhi. La tano huulizwa na wachache, nalo ndilo zito kuliko yote: cheti hiki kinakuruhusu kuweka sahihi wapi? Umeme ni kazi ya sheria. Mtu anaweza kujua kazi vizuri sana na bado asiruhusiwe kugonga muhuri. La mwisho ni ngazi: ukitaka kupanda baadaye, je, kuna pa kukanyaga?

VETA: ufundi stadi wa umeme

Mlango wake ni mpana. Aliyemaliza kidato cha nne anaingia, hata kama matokeo yake hayakumpendeza, na kuna fani zinazopokea waliomaliza darasa la saba. Jambo linalowakosesha wengi ni kalenda. Fomu kwa kawaida hutolewa miezi ya mwisho ya mwaka na masomo huanza Januari. Matokeo ya kidato cha nne nayo hutoka mwishoni mwa Januari. Anayekaa nyumbani akisubiri matokeo ndipo aamue, mara nyingi hupoteza mwaka mzima. Jaza fomu kabla. Ukifaulu kwenda kidato cha tano utakuwa bado na uhuru wa kuamua.

Kila ngazi ya NVA huchukua takriban mwaka mmoja, na ndani yake kuna kipindi cha mafunzo kazini. Angalia sana hapa, kwa sababu neno "nimesoma VETA" linabeba vitu viwili tofauti. Ipo kozi ndefu inayokupa NVA, na ipo kozi fupi ya wiki au miezi michache inayokupa cheti cha kuhudhuria na kumudu ujuzi fulani, tuseme kufunga sola au kurekebisha mota. Kozi fupi ni nzuri kwa mtu ambaye tayari ni fundi. Kwa anayeanza, haimpi ngazi ya kitaifa ya kupandia. Kabla ya kulipa, uliza chuo swali moja: mwisho wa kozi hii nitapata NVA ya ngazi ipi? Chuo binafsi nacho kiulizwe namba yake ya usajili, kwa sababu cheti cha chuo kisichosajiliwa hakitakufikisha kwenye leseni.

Ada katika vyuo vya serikali ni ndogo ukilinganisha na chuo kikuu, na wa kutwa hulipa pungufu ya wa bweni. Gharama inayouma ni ya vifaa. Fundi anayeanza anahitaji tesita, koleo la umeme, koleo la kukatia, seti ya bisibisi, multimita, tepu ya kupimia, nyundo na patasi, msumeno wa chuma, springi ya kukunjia paipu za milimita 20 na waya wa kuvutia nyaya ndani ya paipu. Drili inaweza kusubiri. Multimita ya bei ya chini kabisa ni hatari kwa maisha yako: nyaya zake za kupimia zina kinga hafifu, na siku ukipima ukiwa umesahau kuitoa kwenye ampea unaweza kupata mlipuko mkononi.

Unachojifunza ni kazi yenyewe. Unapiga paipu ukutani kabla ya plasta, unavuta nyaya, unafunga swichi, soketi na bodi ya breka, unapigilia eathi rodi, kisha unapima. Wengine hudhani hii ni kazi ya mikono bila hesabu. Chukua kosa moja linaloonekana katika nyumba nyingi. Fundi asiyesoma ametumia waya wa milimita za mraba 1.5 kwenye mkondo wa soketi badala ya 2.5, kisha breka ikawa inakata kila jioni. Badala ya kubadilisha waya, akaondoa breka ya ampea 16 akaweka ya 32. Breka imeacha kukata na mwenye nyumba amefurahi. Sasa hesabu: birika la wati 2,000 kwa volti 230 linavuta ampea 8.7, jiko la umeme la wati 2,000 ampea nyingine 8.7, pasi ya wati 1,200 ampea 5.2. Jumla ni 22.6. Waya wa 1.5 uliofungwa ndani ya paipu ukutani unamudu takriban ampea 15 tu. Breka ya 32 inaona ampea 22 kama kitu cha kawaida, na waya unaendelea kupata moto ndani ya plasta, plastiki yake inalainika kidogo kidogo, mpaka usiku mmoja nyaya mbili zinagusana. Fundi aliyefundishwa anajua breka inalinda waya kwanza, na kwamba inayokata mara kwa mara inatoa taarifa. Huu ni ujuzi wa kuokoa watu, na haupungui thamani kwa sababu haukutolewa chuo kikuu.

Kuhusu sahihi: TANESCO haiungi umeme kwenye nyumba mpya mpaka wayaringi iwe imekamilishwa na mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji; jina na muhuri wa mkandarasi huyo vinaambatana na maombi. Leseni hizo zina madaraja, na daraja hutegemea elimu pamoja na uzoefu wako. Kwa hiyo cheti cha NVA ni sifa ya kuombea leseni, na bila leseni utaendelea kufanya kazi kwa muhuri wa mtu mwingine. Hapa ndipo vijana wengi hukwama kwa miaka: wanapiga nyumba nzima kwa jasho lao, kisha wanampelekea mwenye leseni fomu na sehemu ya malipo ili agonge. Ukimaliza chuo, anza kutunza kumbukumbu za kazi zako tangu ya kwanza: tarehe, mahali, idadi ya pointi (kila taa, swichi au soketi), jina la msimamizi. Ndizo utakazoonyesha unapoomba.

Kipato huanza mapema, hata kabla ya kumaliza chuo kwa waliopata bosi mzuri wakati wa mafunzo kazini. Ila hakiji kwa mstari ulionyooka. Bei hupangwa kwa pointi, na malipo huja kwa hatua: kupiga paipu, kuvuta nyaya, kufunga vifaa. Ujenzi wa mtu wa kawaida husimama. Unaweza kupiga paipu Machi na kuitwa kuvuta nyaya mwakani. Anayekubaliana bei moja ya jumla bila kugawa hatua hubaki anadai kazi ambayo ameshaimaliza nusu. Andikianeni, hata kwenye karatasi ya daftari, na uchukue malipo ya hatua moja kabla ya kuanza nyingine.

Njia hii inamfaa anayehitaji kujitegemea mapema, anayependa kuona kazi ikiisha mbele ya macho yake, na asiyeogopa kutafuta wateja. Haimfai asiyeweza kuvumilia miezi mikavu, wala anayechukia kubishana bei.

Digrii ya uhandisi wa umeme

Mlango wake ni mwembamba. Kiwango cha chini cha TCU, tume ya vyuo vikuu, kwa aliyetoka kidato cha sita ni principal pass mbili (masomo mawili yenye alama A hadi E) zenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kwa uhandisi masomo yanayotazamwa ni hisabati na fizikia. Kiwango cha chini kinakuruhusu kuomba tu. Nafasi ni chache na wenye pointi nyingi hupangwa kwanza. Mwanafunzi anayeiona hisabati ya kidato cha sita kama mateso ajue kwamba mwaka wa kwanza na wa pili wa uhandisi ni hisabati ileile imekuwa ndefu zaidi. Wanaorudia mwaka mara nyingi huangushwa na hisabati na nadharia ya saketi, kabla hata hawajakaribia transfoma.

Muda: kwa aliyemaliza kidato cha nne ni miaka miwili ya A-level, kisha miezi ya kusubiri matokeo na udahili, kisha miaka minne. Weka miaka saba kwa mahesabu ya nyumbani. Baada ya hapo bado hujawa mhandisi kamili mbele ya sheria. Unajisajili ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, kama mhandisi mhitimu, unafanya kazi chini ya usimamizi kwa takriban miaka mitatu, ndipo unaomba kuwa mhandisi mtaalamu. Mpango wa ERB wa kuwalea wahitimu, SEAP, ulianzishwa 2003 kwa sababu hiyo. Kujiita mhandisi bila usajili ni kosa kisheria.

Gharama ya ada katika chuo cha umma huvuka milioni moja kwa mwaka, na juu yake kuna chakula, malazi, vifaa na nauli za mafunzo kwa vitendo kila mwisho wa mwaka. Faida kubwa hapa ni mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, ambao mtu wa NVA hana. Lakini ni deni. Ukiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi: mwenye mshahara wa 1,000,000 anaachana na 150,000 kila mwezi kabla hajagusa chochote. Waliofaulu vizuri sana masomo ya sayansi watazame pia ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/23.

Gharama nyingine haiandikwi popote, nayo ni kipato ulichokiacha. Tufanye hesabu ya mfano tu. Ikiwa fundi baada ya miaka mitatu ya VETA anabaki na wastani wa 250,000 kwa mwezi, basi katika miaka minne ambayo rafiki yake bado yuko masomoni atakuwa amepata milioni 12. Weka namba za mtaa wako, lakini usiache kuifanya hesabu hiyo. Halafu ifanye na ya upande wa pili: kiwango cha juu anachoweza kufikia mhandisi mtaalamu ni mbali kuliko cha fundi wa majumbani, na hakitegemei mgongo wake akiwa na miaka 55.

Kazi yenyewe ni ya namna nyingine. Chukua jengo la ghorofa tatu lenye nyumba 12, kila moja ikiwa na mzigo wa kilowati 10. Fundi ataona 120. Mhandisi anajua wapangaji wote hawawashi kila kitu kwa dakika ileile, anakadiria, tuseme nusu, anapata kilowati 60. Kwa volti 400 za fezi tatu na kipengele cha nguvu (sehemu ya umeme unaovutwa inayofanya kazi hasa) cha 0.9 hiyo ni takriban ampea 96. Kutoka hapo anachagua kebo kuu, anakagua volti zitashuka kiasi gani kufika ghorofa ya juu, anapanga breka ili hitilafu ya jikoni kwa mpangaji mmoja isizime jengo zima, na anaamua kama transfoma ya kVA 100 inatosha. Akikosea makadirio juu, mwenye jengo amelipa mamilioni ya kebo asiyoihitaji. Akikosea chini, watu wanapika kwa zamu. Mingi ya siku zake iko kwenye kompyuta, michoro, zabuni na vikao vya ujenzi. Kuna wahitimu wanaotoka chuoni bila kuwahi kufunga bodi kwa mikono yao, na mafundi huwagundua ndani ya saa moja. Dawa yake ni kuyachukulia mafunzo kwa vitendo kwa uzito: omba kukaa na mafundi, usikubali kuwekwa ofisini kupanga mafaili.

Sahihi ya mhandisi mtaalamu inafika kwenye michoro ya majengo makubwa, vituo vya kupozea umeme, viwanda na miradi ya taifa. Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 na reli ya SGR inayoendeshwa kwa umeme haviwezi kusimama bila sahihi hizo, ingawa havisimami pia bila maelfu ya mikono ya mafundi.

Panapoharibika ni kwenye kusubiri. Nafasi za serikali hutangazwa kupitia Ajira Portal, tovuti ya ajira za utumishi wa umma, na waombaji ni wengi mno kwa kila nafasi. Mhitimu anayekaa miaka miwili nyumbani akisubiri tangazo hupoteza ujuzi na ujasiri pamoja. Aliyejisajili ERB mara tu alipohitimu na akakubali kazi ndogo ya kampuni ya ukandarasi huwa mbele yake.

Digrii inamfaa mwenye hisabati imara, anayefurahia kupanga mfumo mzima kabla haujajengwa, na ambaye familia yake inaweza kumbeba, au mkopo unaweza, kwa miaka saba bila kumtegemea.

Ngazi ya katikati

Maneno "fundi mchundo", "fundi sanifu" na "mhandisi" yana maana katika utumishi. Fundi mchundo hutoka VETA, fundi sanifu hutoka kwenye stashahada, mhandisi hutoka kwenye shahada. Stashahada ya umeme huchukua miaka mitatu kwa aliyetoka kidato cha nne, katika vyuo kama DIT na Chuo cha Ufundi Arusha, na mwenye GPA (wastani wa ufaulu wa chuo) ya 3.0 au zaidi anaweza kuomba digrii bila kupita kidato cha sita. Tangu 2023/24 HESLB imeanza pia kukopesha baadhi ya stashahada za fani za kipaumbele.

Kwa aliyeanzia VETA, kituo muhimu ni NVA Ngazi ya Tatu. Mwongozo wa udahili huitambua hata kwa mtu ambaye hana ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne. Anayeishia Ngazi ya Pili kwa sababu "kazi nimeshaijua" hufunga mlango huo bila kujua, kisha anaukuta umefungwa akiwa na miaka 30. Soma mwongozo wa NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, na wa TCU wa mwaka husika, kwa sababu sifa za kila programu hubadilika. Na wale waliojifunza mtaani kwa bosi, bila darasa, wana utaratibu wa urasimishaji ujuzi: unapimwa kwa unachokijua na kupewa cheti kinachotambulika.

Kwa hali yako

Kama umemaliza kidato cha nne, ufaulu wa hisabati na fizikia ni wa kubahatisha, na nyumbani wanakutegemea: VETA, lakini weka nia ya kufika Ngazi ya Tatu, hata kama ni kwa kusoma mwaka mmoja, kufanya kazi mwaka mmoja.

Kama hisabati yako ni nzuri ila familia haiwezi kusubiri miaka saba, stashahada ndiyo ya kuiangalia kwanza. Unatoka fundi sanifu unayeajirika, na digrii inabaki wazi.

Kama una PCM nzuri ya kidato cha sita na mkopo umepatikana, nenda kasome uhandisi, na likizo ya kwanza ushike koleo kwa fundi wa mtaani kwenu. Kama PCM ipo lakini mkopo umekosekana, usiingie chuoni kwa ada ya muhula mmoja ukiomba Mungu alete ya pili. Kata rufaa HESLB dirisha linapofunguliwa, na wakati unasubiri tafuta kozi fupi ya umeme, utapata pa kuanzia vyovyote itakavyokuwa.

Kama tayari wewe ni fundi mwenye wateja, miaka 28, unafikiria digrii: jiulize ni kazi gani umeikosa kwa kukosa sahihi. Ikiwa ni nyumba na maduka, unachohitaji ni leseni ya EWURA ya daraja linalofaa, si miaka minne ya darasa. Ikiwa ni viwanda na maghorofa, anza na stashahada karibu na unapofanyia kazi, na usiachie wateja wako wote.

Na kama wewe ni mzazi unayelipa, mpeleke kijana kwa fundi mwenye leseni akakae naye wiki mbili kwenye saiti kabla hujalipa chochote. Abebe paipu, achimbe ukuta, ashike mwisho wa waya. Kisha mkutanishe na mhandisi amwonyeshe michoro ya jengo moja na hesabu zake. Atakachorudi nacho nyumbani akikizungumzia wakati wa chakula cha jioni kitakusaidia kuchagua fomu ya kujaza.